Daktari wa upasuaji anajiamini sana. Je, ndiyo kusema mkono wake ni mzuri?

Kesho asubuhi unaingia chumba cha upasuaji. Daktari anapita wodini, anatabasamu, anakwambia: "Ondoa wasiwasi, hii kwangu ni kazi ndogo." Unashusha pumzi. Ndugu zako pembeni ya kitanda nao wanashusha pumzi.

Lakini hebu jiulize kidogo. Yeye amejuaje kwamba ni fundi? Nani alimpima, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Swali hili si la kumkosea daktari heshima. Watafiti wa tiba wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, na walichokipata kinamhusu kila mtu ambaye siku moja yeye, mama yake au mtoto wake atalala kwenye meza ya upasuaji.

Kwa kifupi:

- Ufundi wa mkono wa daktari unatofautiana sana, na tofauti hiyo inaonekana kwa wagonjwa.
- Baadhi ya madaktari wanajipima vizuri, wengine wanajikosea sana. Kwa kumtazama usoni huwezi kujua yupi ni yupi.
- Dawa yake inajulikana: macho ya watu wengine, video, na hesabu ya matokeo.

Twende hatua kwa hatua.

Kwanza: mkono unatofautiana kiasi gani?

Wengi tunadhani ukishakuwa daktari bingwa, basi umeshafika, na mabingwa wote wanalingana. Si kweli.

Utafiti unaotajwa sana kwenye jambo hili ulifanyika jimbo la Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine. Uliongozwa na daktari wa upasuaji John Birkmeyer.

Madaktari 20 wanaofanya upasuaji wa kupunguza uzito waliombwa kila mmoja alete video moja ya kazi yake. Ni ule upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari anapunguza tumbo la chakula na kuliunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kwa kuwa kamera inakuwa ndani ya mwili, kila kitu kinaonekana: namna anavyoshika utumbo, anavyoshona, anavyosita, anavyotoa damu bila sababu.

Video hizo walioneshwa madaktari wenzao wa fani hiyohiyo. Hawakuambiwa nani ni nani. Kila video ilipewa alama na angalau madaktari 10, kuanzia 1 hadi 5.

Matokeo? Aliyepata alama za chini kabisa alikuwa na wastani wa 2.6. Aliyeongoza alikuwa na 4.8. Na wote hawa ni mabingwa wenye leseni, wanafanya upasuaji uleule, katika jimbo lilelile.

Hapa kuna jambo dogo la kuzingatia. Video ile kila daktari aliichagua mwenyewe. Yaani mtu alikaa, akaangalia kazi zake, akasema hii inaniwakilisha, ipelekeni. Ni vigumu kuamini kwamba mtu angepeleka video ambayo yeye mwenyewe anaiona mbovu. Bado wenzake wengine waliiona ya kawaida tu, au chini ya kawaida.

Pili: tofauti hiyo inamgusa mgonjwa?

Inamgusa, tena sana.

Watafiti walichukua alama zile wakazilinganisha na kumbukumbu za zaidi ya wagonjwa 10,000 waliopasuliwa na madaktari hao. Halafu wakatazama robo ya madaktari wenye alama za juu na robo ya wenye alama za chini.

- Waliopata matatizo baada ya upasuaji: asilimia 5.2 kwa madaktari wa juu, asilimia 14.5 kwa wa chini.
- Waliorudishwa mezani kupasuliwa tena: asilimia 1.6 dhidi ya 3.4.
- Waliofariki: 5 katika kila wagonjwa 10,000 dhidi ya 26.
- Muda wa upasuaji: dakika 98 dhidi ya 137.

Soma tena mstari wa kwanza. Ni karibu mara 3. Mgonjwa wa kwanza na mgonjwa wa pili wamesaini fomu ileile ya ridhaa, lakini hatari waliyoibeba si sawa.

Na je, mvi zinasaidia? Watafiti waliangalia hilo pia. Miaka kazini haikutenganisha wenye alama za juu na za chini. Kufanya kazi katika hospitali ya kufundishia nako hakukuwatenganisha. Kilichokwenda sambamba na ufundi ni wingi wa kazi: wanaofanya upasuaji huo mara nyingi kwa mwaka ndio waliokuwa na mikono mizuri zaidi.

Ni kama dereva. Mtu anaweza kuwa na leseni ya miaka 20, lakini gari analigusa Jumapili tu kwenda kanisani. Mwenye leseni ya miaka 6 anayeendesha Dar–Mwanza kila wiki ni habari nyingine.

Tatu: kwani wao wenyewe hawajui?

Hapa ndipo penyewe.

Mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima na jinsi walivyopimwa na watu wengine au kwa mitihani. Hayakuwa ya madaktari wa upasuaji peke yao, yalikuwa ya madaktari kwa ujumla. Tafiti 17 zilikidhi vigezo, ndani yake kukiwa na milinganisho 20.

Katika milinganisho 13 kati ya hiyo 20, daktari alivyojiona na alivyo kweli vilikuwa na uhusiano mdogo, au havikuwa na uhusiano wowote, au vilikwenda kinyume kabisa. Na waliojikosea zaidi katika tafiti kadhaa walikuwa watu wa aina mbili: wenye ujuzi mdogo zaidi na wenye kujiamini zaidi.

Kumbe anayehitaji zaidi kuambiwa ndiye asiyeona sababu ya kuambiwa. Wahenga walishasema: nyani haoni kundule.

Wanasaikolojia wana maelezo ya jambo hili. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje. Wale wa robo ya mwisho walidhani wamewazidi watu 62 katika kila 100. Ukweli, walikuwa wamewazidi 12 tu. Wale wa juu kabisa walijishusha kidogo.

Sababu waliyoitoa ni hii: ujuzi wa kufanya jambo ndio huohuo unaotumika kulihukumu. Kama hujui sarufi, utajuaje kwamba sentensi yako ina kosa? Kama hujawahi kuona mshono mzuri kweli, utajuaje kwamba wako umekaza mno?

Kusema kweli, wapo watakwimu wanaobishia ukubwa wa jambo hilo. Wanasema sehemu yake inatokana na namna hesabu zilivyopigwa. Lakini wazo kwamba binadamu ni hakimu dhaifu wa kazi yake mwenyewe limejitokeza katika fani nyingi, na udaktari haukusalimika.

Usiwahukumu wote

Sasa tusiende upande wa pili tukasema madaktari wote wanajidanganya. Picha si nyeusi tupu.

Kuna tafiti zilizoonesha kwamba madaktari wa upasuaji wanaweza kujipima vizuri kwenye kazi ya mkono. Mwaka 2011, kwa mfano, watafiti wa Imperial College London waliwaweka madaktari walio mafunzoni katika chumba cha upasuaji cha kuigiza. Kwenye ufundi wa mkono, alama walizojipa zilikaribiana na za wataalamu. Zilipishana pale walipojipima mambo mengine: mawasiliano, uongozi, kufanya uamuzi wakati wa presha.

Hilo lina mantiki. Uzi ukikatika, unauona umekatika. Lakini ukimkaripia nesi naye akanyamaza na jambo alilotaka kukwambia, huoni chochote. Wewe unaona chumba kimetulia tu.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: wapo wanaojijua vizuri na wapo wasiojijua kabisa. Tatizo ni kwamba wote wawili wakija wodini wanatabasamu vilevile na kusema maneno yaleyale. Kujiamini hakuwatenganishi.

Kwa nini ni vigumu hivyo kujijua?

Si kwa sababu madaktari wana kiburi kuliko watu wengine. Kazi yenyewe imekaa vibaya kwa mtu kujipima. Angalia sababu 4.

1. Mgonjwa anaondoka. Kidonda kinaweza kutunga usaha siku ya 9, mgonjwa akiwa ameshafika kijijini kwao. Atakwenda zahanati ya karibu, atasafishwa, atapewa dawa. Daktari aliyempasua hatajua kamwe. Kichwani kwake kazi ile imeingia kwenye hesabu ya zilizofanikiwa.

2. Sababu nyingine zipo tele. Mgonjwa alichelewa kuletwa, ana kisukari, damu ilikosekana, umeme ulikatika. Zote zinaweza kuwa kweli. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa mkono wenyewe kutoingia kwenye orodha ya watuhumiwa.

3. Hakuna wa kumwambia. Mwaka 2000 jarida la Uingereza la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha marubani na watu wa vyumba vya upasuaji. Walipoulizwa kuhusu uchovu, asilimia 70 ya madaktari bingwa wa upasuaji walikana kwamba uchovu unaathiri kazi yao. Kwa marubani ni asilimia 26. Walipoulizwa kama walio chini hawapaswi kuhoji uamuzi wa mkubwa, asilimia 97 ya marubani walilikataa wazo hilo. Kwa madaktari bingwa wa upasuaji waliolikataa walikuwa asilimia 55 tu.

Tafsiri yake kwa lugha ya mtaani: katika vyumba vingi, bosi hahojiwi. Na asiyehojiwa hujiona yuko sawa.

4. Huwezi kucheza na kujitazama kwa wakati mmoja. Akili ya daktari iko kwenye mshipa ulio mbele yake. Haiko kwenye kiwiko chake.

Hilo la kiwiko si mfano wa kubuni. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston ambaye pia ni mwandishi maarufu, aliandika mwaka 2011 kwamba baada ya miaka kadhaa ya kazi aliona matokeo yake yamesimama, hayaboreki tena. Akamwomba mwalimu wake wa zamani, Robert Osteen, ambaye alikuwa ameshastaafu, aje asimame pembeni amtazame akifanya kazi.

Gawande aliona upasuaji ule umekwenda vizuri sana. Osteen alitoka na daftari limejaa. Kiwiko kilikuwa kinapanda juu mara kwa mara, na mkono ukiwa hivyo hautulii. Taa ilikuwa imehama kutoka kwenye kidonda, na kwa karibu nusu saa Gawande alifanya kazi kwa mwanga wa kuakisiwa bila yeye kujua.

Huyu ni mtu aliyesoma Harvard, anafundisha Harvard. Kama yeye hakuiona taa, nani ataiona?

Kujiamini kulipogeuka msiba

Mfano mchungu zaidi uko Bristol, Uingereza.

Katika miaka ya 1980 na 1990, hospitali ya Bristol Royal Infirmary ilikuwa inafanya upasuaji wa moyo kwa watoto wachanga. Mwaka 1988 alifika pale daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin. Aliona upasuaji unachukua muda mrefu kuliko alikotoka, na watoto wanafariki mno. Akaanza kukusanya takwimu. Akapaza sauti ndani ya hospitali. Ilichukua miaka mingi kabla hajasikilizwa, na mwishowe alihamia Australia.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilitoa ripoti mwaka 2001. Ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995, watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka 1 walifariki zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida cha aina hiyo.

Lakini kinachoshtua zaidi kwenye ripoti ni kwamba haikukuta watu wabaya. Ilieleza kwamba wahusika walikuwa watu wenye kujituma, wanaojali wagonjwa. Kilichokosekana kwa baadhi yao ni uwezo wa kujiona. Waliamini matokeo yataboreka kadiri wanavyoendelea kuzoea. Waliendelea.

Ndiyo maana suala hili ni zito. Daktari mbaya mwenye nia mbaya ni rahisi kumkamata. Daktari mwema anayejikosea hesabu anaweza kwenda miaka bila mtu kumgusa, maana kila mtu anampenda.

Baada ya Bristol, Uingereza ilibadilika. Matokeo ya upasuaji wa moyo yalianza kukusanywa na kuwekwa wazi, na mwaka 2013 mfumo wa afya wa England ulianza kuchapisha matokeo ya daktari mmoja mmoja katika fani kadhaa za upasuaji.

Wazo la zamani lililomponza mwenyewe

Wala wazo hili si jipya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari Ernest Codman wa Boston alitembea na kadi mfukoni. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake: alikuja na nini, alifanyiwa nini, na baada ya mwaka mmoja hali yake ikoje. Kama mambo yameenda vibaya, anaandika kwa nini.

Hospitali aliyokuwa akifanyia kazi haikulitaka wazo hilo kwa kiwango alichotaka. Akafungua yake mwaka 1911. Hadi 1916 walikuwa wamepita wagonjwa 337, na yeye mwenyewe akachapisha hadharani makosa 123.

Mwaka 1915, katika mkutano wa madaktari, Codman alifunua katuni kubwa. Ilikuwa na mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu kwa ajili ya madaktari. Ujumbe ulieleweka: mnakula pesa na hamtaki kujua kama mnaponya. Wakubwa walikasirika, na Codman akapoteza nafasi yake ya kufundisha Harvard.

Mficha uchi hazai, lakini Codman alijifunza kwamba anayeuonesha naye anaweza kufukuzwa kazi. Ndiyo sababu hadi leo wengi wanaogopa.

Nini kinasaidia?

Habari njema ni kwamba mtu anaweza kufundishwa kujiona. Njia ni hizi.

Video. Watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha mwaka 2003 jaribio kwa madaktari waandamizi walio mafunzoni. Walijipa alama mara tu baada ya upasuaji, kisha wakatazama video ya kazi yao na kujipa alama upya. Mara ya pili alama zao zilikaribia zaidi zile za wataalamu. Jicho likitoka mwilini likahamia kwenye skrini, linaona.

Fomu yenye vigezo. Toronto hiyohiyo ndiko kulikotengenezwa, miaka ya 1990, mfumo wa kupima ufundi unaoitwa OSATS. Badala ya kuuliza tu kama fulani ni mzuri, unauliza kimoja kimoja: anaheshimu nyama za mwili? Anapoteza muda na mizunguko? Anajua kifaa kinachofuata? Anamtumiaje msaidizi? Ni vigumu kujidanganya kwenye maswali madogo kuliko kwenye swali kubwa.

Mwenzako. Kinyozi hajinyoi. Daktari mwenza anayekuja kukutazama kwa nia ya kukusaidia, si kukuchongea, anaona taa iliyohama.

Hesabu. Andika kila upasuaji, mfuatilie kila mgonjwa, jumlisha kila mwaka. Kumbukumbu ya kichwa hubakisha matamu tu.

Huku kwetu je?

Afrika Mashariki ina mwanzo mzuri. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha na kilichoanzishwa mwaka 1999, kinawataka walio mafunzoni kuweka kumbukumbu ya kila upasuaji kwenye mfumo wa kielektroniki. Kwa hiyo mwanafunzi anahesabiwa.

Kazi ngumu inaanza baada ya kuhitimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika. Idadi ya kati ya wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja ilikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000. Yaani hata mmoja hatimii. Wagonjwa 18 katika kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji, na uwezekano wa kufariki ulikuwa mara 2 ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa na umri mdogo na afya nzuri kiasi.

Tuwe waangalifu hapa: takwimu hizo hazisemi kwamba mikono ya madaktari wetu ni mibaya. Vifo vingi vilitokea baada ya upasuaji, wodini, ambako manesi ni wachache na dalili za hatari zinachelewa kuonekana. Lakini zinatuambia jambo moja kuhusu mada yetu. Daktari aliye peke yake wilayani, anayefanya upasuaji wa uzazi usiku kucha, hana mwenzake wa kumtazama. Akili yake ndiyo mchezaji, refa na mtangazaji. Huyo ndiye anayehitaji zaidi kipimo cha nje, na ndiye asiyekipata.

Bado inawezekana kufanya jambo bila mabilioni. Mwaka 2009 orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, karatasi moja inayosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla ya kutoka, ilichapishwa matokeo yake baada ya kujaribiwa katika miji 8. Mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, Tanzania. Kwa ujumla wa miji yote, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7.

Na kuna kipande kimoja kinachochekesha kidogo. Wahudumu walipoulizwa, takriban 20 katika kila 100 walisema orodha si rahisi, inachukua muda. Wakaulizwa tena: ukipasuliwa wewe, ungependa itumike? Asilimia 93 wakajibu ndiyo.

Yaani baadhi yao wakiwa na kisu mkononi orodha ni usumbufu. Wakilala mezani, isomwe.

Wewe mgonjwa ufanyeje?

Kama ni dharura, usianze mahojiano. Mama anayetoka damu au mtu mwenye utumbo uliopasuka, kila dakika ni muhimu. Ingia ndani, saini, acha wafanye kazi.

Lakini kama upasuaji umepangwa, una muda na una haki. Anza kwa adabu: "Daktari, samahani, naomba kuuliza mambo machache ili niwe na amani." Kisha:

- Upasuaji kama huu umeshaufanya mara ngapi mwaka huu? (Usiulize ana miaka mingapi kazini.)
- Katika wagonjwa wako wa hivi karibuni, wangapi walipata matatizo, na yapi?
- Utamfuatilia vipi mgonjwa akisharudi nyumbani?
- Nani mwingine atakuwemo ndani, na mnatumia ile orodha ya ukaguzi?

Sikiliza jibu lake, si sauti yake. Anayesema, "Nimefanya 40, wawili walipata maambukizi, tukawatibu," amekupa kitu cha kushika, maana anahesabu. Anayesema, "Wewe niamini tu," huenda ni fundi kweli, lakini hajakupa njia ya kujua. Na anayesema, "Hii mimi nimefanya mara chache, nitamwita mwenzangu tusaidiane," usimkimbie. Huyo amejiona.

Jambo la mwisho ni rahisi na linamsaidia daktari kuliko unavyodhani: ukipata tatizo baada ya kurudi nyumbani, hata kama umetibiwa kwingine, pigia simu hospitali uliyopasuliwa uwaambie. Si kwa kulalamika. Mwambie nesi jina lako, tarehe ya upasuaji na kilichotokea, uombe kiandikwe kwenye faili. Bila simu yako, daktari wako ataendelea kukuhesabu miongoni mwa waliopona.